Choo kigumu, mkojo unaoponyoka na mshono wa uzazi: jibu kwa mama wa Igombe

Swali: Shikamoo mkunga. Nina miaka 27, naishi Igombe hapa Mwanza, nina wiki ya saba tangu nijifungue mtoto wa pili. Alikuwa na kilo nne. Niliongezewa njia na bado nikachanika, nikashonwa. Kwa nje kidonda kimefunga, ila naogopa choo. Nakaa siku tatu au nne bila kwenda, na nikienda najikamua mpaka machozi yanatoka, mara nyingine naona damu. Nikikohoa au nikiinua beseni la dagaa mkojo unaponyoka. Na lingine naona aibu kulisema: hewa inanitoka bila kuweza kuizuia, hata mbele ya watu. Mama mkwe ananiambia ndio uzazi, niendelee kukandwa maji ya moto. Vidonge vya damu nimeacha kwa sababu vinakausha choo. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mtoto. Umefanya vizuri kulitaja hilo la hewa. Wengi hulificha hata mbele ya nesi, na mimi ndilo ninalotaka tuanze nalo kabla ya choo na kabla ya mkojo.

Mama anapojifungua mtoto mkubwa, akaongezewa njia na bado akachanika, mpasuko unaweza kuishia juu juu au ukaenda mbali. Sisi wakunga tunaupima kwa daraja nne. La kwanza ni ngozi tu. La pili linaingia kwenye misuli ya msamba, yaani hapo kati ya uke na njia ya haja kubwa, na wengi wanaoshonwa wako hapo. La tatu linafika kwenye ule msuli wa mviringo unaofunga njia ya haja kubwa, na la nne linapita hadi ndani ya njia yenyewe. Mpasuko wa daraja la tatu unataka kushonwa na mtu aliyefundishwa kuushona, penye mwanga wa kutosha na ganzi ya kutosha. Shida ni kwamba saa ile kuna damu na uvimbe, na mpasuko huo unaweza kujificha ukashonwa kama wa daraja la pili. Ngozi inapona, inapendeza kabisa kwa nje, kumbe ncha za msuli wa ndani hazikukutana. Dalili yake huwa ndiyo hiyo unayoieleza: hewa haizuiliki. Wengine huongezea kwamba haja ikishika lazima wakimbie, au choo laini kinachafua nguo kabla hawajafika.

Sisemi kwako ndivyo ilivyo. Inawezekana kabisa kwamba msuli ni mzima ila umechoka, na mishipa ya fahamu ilivutwa wakati wa kusukuma mtoto. Hiyo hujirudi taratibu kadiri miezi inavyokwenda. Lakini mimi siwezi kukutofautishia kwa maandishi, na wewe huwezi kujitofautishia nyumbani. Anayeweza ni mtu anayekupima kwa kidole chenye glavu, anakuambia ubane kama unazuia hewa, naye anasikia kama mbano umezunguka pande zote au upande wa mbele kuna pengo. Ni dakika mbili. Haiumi kama unavyofikiria, na unaweza kuomba nesi wa kike awepo.

Kwa hiyo nenda wiki hii. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, ueleze lile la hewa kwa maneno uliyoniandikia, na uombe rufaa ya kwenda hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando kama hapo hawana daktari wa magonjwa ya kina mama. Usijali kwamba siku ya 42 ya kurudi kliniki imeshapita. Kwenye mahudhurio yale mara nyingi mtoto anapimwa uzito, anachanjwa, mama anaulizwa habari za uzazi wa mpango, wanaagana. Usipojisemea mwenyewe habari ya choo, kuna uwezekano mkubwa hakuna atakayekuuliza.

Mama mkwe wako hasemi kwa ubaya. Yeye na wenzake walizalia nyumbani au zahanati ya mbali, wakavuja, wakanyamaza, kwa sababu hapakuwa na wa kumwambia. Kwamba jambo limewapata wengi haimaanishi halina dawa.

Sasa choo. Nataka uelewe kwanza kinachotokea ndani, kwa sababu ukikielewa utaona mwenyewe kwa nini choo kinatangulia mazoezi.

Utumbo mpana kazi yake ni kunyonya maji kutoka kwenye mabaki ya chakula. Haja inapokushika ukaizuia kwa kuogopa mshono, utumbo haukungojei, unaendelea kunyonya. Choo kikikaa humo siku nne, kinakaushwa siku nne. Siku ya kwenda kinakuja kama jiwe, unaumia, hofu inaongezeka, safari inayofuata unazuia zaidi. Juu ya hapo unanyonyesha, na maji mengi ya mwili yanakwenda kwenye maziwa. Homoni za ujauzito zilizolegeza utumbo nazo huchukua muda kutulia. Vidonge vya damu vinamalizia.

Na pale unapojikamua ukiwa umebana pumzi, unasukuma kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa vyote kwa mkupuo mmoja, kwenda chini. Chini kuna misuli ya sakafu ya nyonga, iliyofungwa kuanzia mfupa wa mbele hadi kifandugu kama wavu wa kichanja cha kuanikia dagaa: ukilegea sehemu moja, kila kilichowekwa juu kinaelekea huko. Misuli hiyo ndiyo inayozuia mkojo wako usitoke ukikohoa. Ndiyo hiyo hiyo inayosaidia kuzuia hewa. Mama anayefanya mazoezi ya kubana asubuhi na kujikamua jioni anajenga na kubomoa siku moja. Ndiyo sababu nakwambia tulainishe choo kwanza.

Anza na saa. Utumbo huamka baada ya kula, hasa mlo wa kwanza wa siku. Kunywa uji wa moto au chai, kula, kisha baada ya kama nusu saa mpe mtoto bibi yake uende chooni, hata kama haja haijashika sawasawa. Usiende na simu. Choo chetu cha kuchuchumaa kina faida hapa, maana magoti yakipanda juu ya nyonga, njia ya haja kubwa hunyooka na choo hupita kwa urahisi. Kama miguu inachoka, pigilia mti ukutani wa kushikilia. Wenye choo cha kukaa waweke kigoda chini ya miguu.

Ukishachuchumaa, shika kitambaa safi au pedi, uiegemeze kwenye msamba kwa mbele kidogo ya njia ya haja kubwa, uushikilie mshono kwa kiganja, kwa upole. Hapo ndipo wengi huniambia hofu imepungua nusu, kwa sababu wanahisi hakitapasuka kitu. Legeza taya, legeza tumbo, lifanye lipanuke kwa mbele. Halafu toa pumzi polepole kwa mdomo kama unapuliza chai, ukisukuma kidogo tu pamoja na hiyo pumzi. Usibane pumzi hata mara moja. Dakika kumi zikipita bila kitu, inuka, utarudi baada ya mlo mwingine. Jisafishe kutoka mbele kwenda nyuma, nawa mikono kwa sabuni.

Kwa hali uliyofikia ningependa pia upate dawa ya kulainisha choo kwa wiki mbili tatu. Ya maji inayoitwa laktulosi inafaa kwa anayenyonyesha, inafanya kazi kwa kuvuta maji kwenye utumbo, na huchukua siku moja hadi mbili kuonekana. Inaweza kuongeza hewa tumboni mwanzoni, nalo kwako ni la kukera, kwa hiyo ongea na mfamasia au nesi uanze na kipimo kidogo. Usinywe mafuta ya nyonyo wala mitishamba ya kuendesha, na usikubali kuingizwa maji ya sabuni kwa nyuma. Kuharisha kwa nguvu juu ya msuli usioshika ni mateso mengine.

Vidonge vya damu nakuomba uvirudie. Umetoka kupoteza damu na unanyonyesha. Shirika la Afya Duniani linashauri vidonge hivyo viendelee wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua kwenye maeneo yenye upungufu mkubwa wa damu kwa wajawazito. Omba upimwe wingi wa damu, kisha muulize nesi kama unaweza kumeza siku moja ukaruka moja. Mwili hunyonya madini ya chuma vizuri yakipewa nafasi, na tumbo linapumzika. Meza na chungwa au embe, si na chai wala maziwa. Choo kitakuwa cheusi, hilo ni la kawaida.

Kwenye chakula nitasema wazi: mzazi wa huku kwetu analishwa vizuri sana, ila analishwa vitu visivyo na nyuzinyuzi. Supu ya sato, mtori, uji wa unga mweupe, ugali wa sembe, chai ya maziwa. Sato na dagaa wanajenga kidonda, endelea nao, lakini samaki hana nyuzinyuzi hata chembe. Na kuna nyumba mama ananyimwa mboga za majani eti zitamsumbua mtoto tumbo. Si kweli. Mchicha, matembele na mlenda ndivyo unavyovihitaji zaidi sasa. Badilisha sembe uwe dona. Rudisha maharage, choroko na dengu. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa zaidi ya nusu ya gramu 25 za nyuzinyuzi ambazo mtu mzima anatakiwa kupata kwa siku. Michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ambavyo watu wa mjini wanavidharau, asubuhi na uji vinafaa kuliko mandazi. Papai lililoiva kila jioni. Ongeza taratibu, wiki hii kimoja wiki ijayo kingine, la sivyo tumbo litajaa gesi, na gesi ndiyo tunayoikimbia.

Nyuzinyuzi bila maji zinafunga choo zaidi. Lenga lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku, ukihesabu uji, supu na maji. Njia rahisi: kila unapokaa kumnyonyesha, kikombe kiwe pembeni. Maji ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa. Najua akina mama wanaoacha kunywa ili wasivujwe na mkojo. Hilo huwageukia, kwa sababu mkojo mzito hukiwasha kibofu na unakwenda haja kila saa.

Kuhusu damu. Damu nyekundu mbichi inayoonekana baada ya choo kigumu, na maumivu kama ya kukatwa, mara nyingi ni mchaniko mdogo pembeni mwa njia au bawasiri iliyotokea wakati wa mimba. Vyote hutulia choo kikilainika. Kukaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi hadi kumi na tano, mara mbili kwa siku, hutuliza. Lakini wewe unaishi ufukweni, unaingia majini kuosha dagaa na kufua, na huku kwetu ziwani kichocho cha tumbo kipo kingi. Minyoo yake hutoka kwa konokono wa majini, inapita kwenye ngozi, inakwenda kukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Inaleta damu kwenye choo, tumbo kuuma, kuharisha kunakokuja na kuondoka. Kwa hiyo usikae miezi ukisema ni bawasiri. Peleka choo kipimwe. Ukikutwa nacho, dawa yake, prazikwanteli, inapimwa kulingana na uzito au urefu wako, na anayenyonyesha anapewa.

Choo kikishakuwa laini ndipo mazoezi ya nyonga yanalipa. Daktari wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika habari zake mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliovujwa na mkojo baada ya kuzaa, na hadi leo ndiyo tiba tunayoanza nayo. Lala chali, kunja magoti. Fikiria uko kwenye daladala imejaa na hewa inataka kutoka. Bana nyuma uizuie, halafu vuta mbano uje mbele kama unazuia mkojo, halafu uinue ndani kwenda juu. Makalio yasikaze, mapaja yasikaze, pumzi iendelee. Ukiona tumbo linasukuma nje, unasukuma badala ya kubana. Pumzika uanze tena. Hesabu hadi tano, kisha achia hadi uhisi misuli imelegea kabisa, hesabu tano tena. Kuachia ni nusu ya zoezi, na wengi huiruka nusu hiyo. Mara nane hadi kumi na mbili, asubuhi, mchana, usiku, na wiki zikienda fika hesabu ya kumi. Ongeza mibano ya haraka haraka mwishoni. Usijipime kwa kukata mkojo katikati kila siku, kunazoesha kibofu vibaya.

Na kuna moja ya kutumia papo hapo: unapohisi kikohozi au chafya inakuja, bana kwanza, ndipo ukohoe. Fanya hivyo kabla ya kuinua beseni pia. Mkojo unaweza kuanza kupungua ndani ya wiki chache, lakini usihukumu kabla ya miezi mitatu. Kama ukibana inauma, au huhisi chochote kinachosogea, omba fiziotherapia kwenye hospitali ya rufaa. Wapo wanaofundisha hili kwa kukuongoza.

Kazi nayo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na wewe unaibeba kutoka ziwani huku msamba una wiki saba. Kwa miezi miwili ijayo beba nusu ndoo, rudi mara mbili, au baba watoto achukue hiyo safari. Beseni la dagaa waliolowa lishikwe na watu wawili. Ukiinua, lilete karibu na mwili, kunja magoti, toa pumzi ukiwa umebana. Kama kikohozi chako kinatokana na moshi wa kubanika samaki, hamia upande unakotoka upepo. Kama kimezidi wiki mbili, kapimwe kifua kikuu.

Kukandwa sikukatazi moja kwa moja. Maji ya vuguvugu mgongoni na kiunoni yanapumzisha, na kumpumzisha mzazi ni jambo jema. Ninachokataa ni maji yanayounguza kwenye mshono, maana ngozi iliyokufa ganzi kidogo kwa kushonwa inaungua bila wewe kujua, na kukandamiza tumbo kwa nguvu kwenda chini. Khanga ya tumboni vivyo hivyo: ukiifunga kwa upana, ikushikilie tu, sawa. Ukiifunga kwa kukaza hadi pumzi inakatika, unashindilia kila kitu kwenye ile misuli dhaifu. Shabu, ugoro, ndimu na vipodozi vya kubana uke, usiweke ukeni hata kimoja. Vinaunguza, vinaacha makovu, na makovu hayazuii mkojo.

Kurudi kwa mume kusubiri upimwe kwanza. Siku ukirudi, ukavu ni wa kawaida kwa anayenyonyesha. Mafuta maalumu ya kulainisha yanapatikana duka la dawa. Ukiumia sema.

Kuna mambo ambayo yakitokea usingoje wiki hii wala kesho. Mkojo kuchuruzika mfululizo, hata umelala, bila kukohoa. Choo au hewa kupita kwenye njia ya uzazi. Hizo ni dalili za fistula, yaani tundu kati ya njia ya uzazi na kibofu au njia ya haja kubwa, na Bugando wamekuwa wakiirekebisha kwa miaka mingi. Tundu dogo la kibofu likiwahiwa mapema linaweza hata kufunga kwa kuwekewa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Vilevile homa, usaha au harufu mbaya, damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma. Na ukihisi kitu kizito kinashuka au uvimbe ukeni, hasa jioni baada ya kusimama sana, mwambie daktari aangalie kama kizazi kimeshuka. Hicho nacho kina matibabu, na ukikiwahi si lazima kiwe cha kisu.

Ukienda, beba kadi ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa hospitalini, uulize iliandikwa ulichanika daraja la ngapi. Jibu hilo liandikwe pia kwenye kadi yako, kwa sababu mimba ijayo daktari atalihitaji kuamua uzae vipi. Waambie vitu vitatu, hata kama foleni ni ndefu na nesi ana haraka: hewa inatoka bila kuizuia tangu nishonwe, najikamua na naona damu, nikikohoa mkojo unatoka. Mama mkwe akitaka kukusindikiza, mchukue. Akubebee mtoto wakati unapimwa, na yale ya maji ya moto ayasikie kwa nesi mwenyewe.